Kifungu cha Tisa

Masharti ya kwanza niliyapiga chapa mimi,
ghorofa ya pili, juu ya duka la leso, Mtaa wa Biashara,
kwa mashine iliyong'oka herufi ya R;
kila penye R nikaacha pengo, nikalijaza kwa kalamu.
Tuzo ya Taifa ya Hadithi: bahasha na saa ya ukutani.
Bwana Famau, mwenyekiti, alinisomea akitembea,
mikono nyuma, kama mtu anayeagiza mchele.
*Hadithi iwe na funzo.*
*Mwovu aadhibiwe kabla ya ukurasa wa mwisho.*
Na cha tisa: *Miswada haitarudishwa.*

Mjomba Athmani alileta wake kwa miguu toka Kilindini,
karani wa mizani, ameandika nyuma ya stakabadhi za bandari:
mwanamke auza mlango wa nyumba yake,
abaki na nyumba.
Majaji walisoma. Funzo halionekani.
Nikautia muswada chini ya buibui, nikamrudishia.
Kifungu cha tisa nilikivunja mimi, kwa mkono huu.

Tukaingia enzi ya Usanifu.
Kila alipoandika *ndia* wakataka *njia*,
kila *mato*, *macho*;
wino mwekundu ukatambaa ukurasa kwa ukurasa kama siafu.
Alicheka, akafuta miwani kwa ncha ya kikoi:
"Waambie mato yangu hayaoni kwa macho yao."
Nikamrudishia.

Kisha kurasa: zisipungue mia mbili.
Zake sitini na moja.
"Umri wangu wote napima magunia, Rukiya,
leo hata maneno yana ratili?"
Nikamrudishia.

Mwaka mmoja hakushinda mtu. Kiwango kimeshuka, walitangaza,
na fedha zikanunua feni.
Ingali juu ya kitwa changu, yazunguka,
haijaandika kitu.

Halafu ikaja: mwandishi awe hai,
alete kitambulisho na nambari ya kodi.
Mjomba tulikwisha mzika Kikowani, mvua za Aprili,
kaburi likijaa maji,
vijana wakiyateka kwa ndoo za rangi.

Mwaka huu mwenyekiti ni Daktari Kadzo, kijana, mpole,
avua viatu mlangoni na ofisi haina zulia.
Ameniletea masharti mapya niyanyooshe:
*Lahaja ni hazina. Hadithi fupi zinakaribishwa.*
*Marehemu aweza kuwakilishwa na jamaa yake.*
*Funzo si lazima.*
"Mama Rukiya, kwa nini zamani mlidai funzo?"
Nikasema, tuliogopa.
"Mliogopa nini?"
Feni ikajibu.

Nikatelemka Kibokoni kwa mjane wake.
Khuleita akajipiga paji la uso.
Karatasi zote alimpa Mishi wa viazi karai,
Ramadhani iliyopita: "Zilikuwa nzito, hazivuji mafuta."
Ningalikitii kifungu cha tisa
zingalikuwa kabatini mwetu leo, na vumbi lake, salama,
sitini na moja, kwa hesabu.

Mishi akoroga ukwaju, haniangalii.
Hajui kusoma. Lakini amkumbuka mtoto mmoja wa Kuze
aliyerudi na karatasi yake imelowa pilipili,
si kutaka kuongezwa viazi;
auliza, yule mama mlango wake aliupata?
"Mimi nijue mlango gani? Nikamwambia nunua tena,
huenda ukaangukia panapofuata.
Akanunua siku nane."